Kuni, Maji na Bakuli: Kutatua Makosa ya Kusoma Misemo ya Zen

Misemo ya Zen, tawi la Ubudha linalosisitiza kutafakari, husambaa haraka kwa sababu ni mifupi. "Kabla ya kuamka, chanja kuni, chota maji, baada ya kuamka, chanja kuni, chota maji." Kuamka huku ni kwa kiroho, si kutoka usingizini. Mtu anaiona kwenye stetasi ya WhatsApp, inamgusa, anaanza kuishi nayo. Miezi michache baadaye mambo yanakwenda kombo: ameacha kukaa zazeni, yaani kutafakari kwa kukaa kimya, au amekuwa mkavu kwa wenzake, au anajiona amekwisha kufika. Mwongozo huu unaanza na dalili za namna hiyo, kisha unarudi nyuma mpaka kwenye msemo ulioeleweka vibaya. Si lazima uusome wote. Soma ukaguzi wa kwanza, halafu nenda kwenye dalili yako.

Ukaguzi wa kwanza: tafuta swali

Karibu misemo yote maarufu ya Zen ni majibu. Mwalimu fulani aliulizwa na mtu fulani, ambaye mara nyingi alikuwa mtawa aliyekaa miaka kadhaa katika monasteri yenye ratiba kali, naye akamjibu huyo aliyekuwa mbele yake. Wengi wa walimu hao waliishi Uchina wakati wa utawala wa Tang (618–907). Majibu yao yalikusanywa na kufafanuliwa zaidi wakati wa utawala wa Song. Mikusanyo miwili inatajwa kuliko mingine: Wumenguan, yenye koani 48, iliyotayarishwa na Wumen Huikai mwaka 1228; na Biyanlu, yenye koani 100 zilizochaguliwa na Xuedou Chongxian na kufafanuliwa baadaye na Yuanwu Keqin. Koani ni kisa kifupi, aghalabu swali na jibu, anachopewa mwanafunzi akifanyie kazi chini ya mwalimu.

Kwa hiyo, ukikutana na msemo, uliza mambo matatu. Nani aliuliza, na alikuwa anatafuta nini? Alikuwa amefanya mazoezi gani kabla ya kuuliza? Mstari unaofuata unasemaje? Hilo la tatu ndilo lenye faida kubwa. Msemo ukichapwa kwenye bango, mstari unaofuata ndio unaokatwa kwanza, na mara nyingi ndio uliokuwa umefunga mwanya wa kutorokea.

Dalili: umeacha mazoezi kwa kuwa "maisha ya kawaida ndiyo Zen"

Hii ndiyo dalili sugu kuliko zote, na ni vigumu kuigundua kwa sababu haiumi. Ulikuwa unakaa kila asubuhi, sasa hukai. Ukiulizwa unasema kuosha vyombo ni zazeni, kuendesha gari ni zazeni, mto wa kukalia na ukuta wa kutazama vya nini? Lakini ukiwa kwenye karo redio inaimba, simu iko kando unajibu meseji, na kichwani unagombana na bosi wako.

Chanzo ni msemo wa kuni na maji. Kauli ya zamani iliyo nyuma yake haina hayo maneno ya "kabla" na "baada". Ni ya Pang Yun, mtu wa familia asiyekuwa mtawa, aliyefariki mwaka 808. Mwalimu Shitou Xiqian alimwuliza shughuli zake za kila siku zinakwendaje tangu waonane. Pang akajibu kwa shairi, ambalo kwa ufupi linasema: shughuli zangu si za ajabu, napatana nazo tu, popote nilipo sishiki kitu, situpi kitu, nguvu za miujiza na matendo ya ajabu ndiyo haya, kuchota maji na kubeba kuni.

Shairi hilo linazungumzia miujiza. Katika Ubudha wa wakati ule, mtu mtakatifu alitarajiwa kuwa na nguvu zisizo za kawaida: kupaa angani, kusoma mawazo ya wengine, kukumbuka maisha yaliyopita. Pang anasema hizo nguvu zinazotafutwa mbali ziko kwenye ndoo na kwenye mzigo wa kuni. Hakusema kwamba kila abebaye kuni amekwisha kuamka. Katikati ya shairi pia kuna sharti zito, kutoshika na kutotupa, na ndilo linaloachwa njiani. Halafu, baada ya Shitou kulikubali jibu lake, Pang hakwenda zake nyumbani kupumzika. Alikwenda kwa mwalimu mwingine, Mazu Daoyi, akauliza swali jipya, na inasimuliwa kwamba alikaa huko miaka miwili.

Msemo pacha wa huo ni "akili ya kawaida ndiyo Njia". Mazu (709–788) aliufafanua mwenyewe: akili isiyojitengeneza, isiyoweka hili kuwa sahihi na lile kuwa kosa, isiyoshika wala kukataa. Pima akili yako ya Jumatatu asubuhi kwenye foleni ya daladala kwa kipimo hicho, utaona kwamba "kawaida" ya Mazu si mazoea yako. Mwanafunzi wake Nanquan aliutumia msemo huohuo kumjibu kijana Zhaozhou, katika koani ya 19 ya Wumenguan. Zhaozhou akauliza: niielekee? Nanquan: ukikusudia kuielekea, unakwenda kinyume nayo. Zhaozhou: nisipokusudia, nitajuaje kwamba ni Njia? Nanquan akajibu kwamba Njia haimo katika kujua wala katika kutojua. Kujua ni njozi, kutojua ni utupu wa kizuzu. Wavivu wengi hunukuu nusu ya kwanza, ile ya kutokusudia, wakaiacha hiyo ya kizuzu. Naye Wumen akaongeza kwenye maelezo yake kwamba hata kama Zhaozhou aliamka palepale, bado alihitaji miaka 30 mingine ya kazi.

Kipimo kizuri zaidi tunachokijua kwa dalili hii kimo katika jibu la Dazhu Huihai, mwanafunzi mwingine wa Mazu. Aliulizwa anafanya mazoezi gani, akasema: nikiwa na njaa nakula, nikichoka nalala. Mwulizaji akasema basi kila mtu anafanya hivyo. Dazhu akakataa: wao wakila hawali, wanatamani mambo mia, wakilala hawalali, wanapiga mahesabu elfu. Mstari huu wa pili haumo kwenye bango lolote tulilowahi kuliona.

Kurekebisha:

1. Chagua kazi moja ya mikono ya dakika 10 hadi 15, kila siku saa ileile. Vyombo vya usiku vinafaa kuliko kuendesha gari, maana havina hatari ukivurugika.
2. Zima redio, peleka simu chumba kingine. Kama kuna watu, waambie mapema usionekane umenuna.
3. Weka punje kumi za maharage upande mmoja wa karo. Kila ukigundua akili imekwenda zake, sogeza punje moja upande wa pili, uendelee. Usijilaumu, usijipongeze.
4. Kwa wiki mbili fanya hivyo bila zazeni. Kwa wiki mbili nyingine kaa zazeni dakika 20 asubuhi na ufanye hivyo usiku. Linganisha mahali ulipokuwa unagundua: mwanzo au mwisho wa mawazo marefu.

Usitarajie punje zipungue. Mwanzoni huwa zinaongezeka, kwa sababu sasa unaona. Mambo hukwama hapa mtu anapoanza kushindana na punje. Ikitokea, ziondoe.

Dalili: unasema "kukaa hakumfanyi mtu Budha"

Msemo unaotumika ni wa kigae. Mwalimu Nanyue Huairang alimkuta Mazu, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi, amekaa zazeni. Unakaa ili iweje? Niwe Budha, yaani aliyeamka. Nanyue akaokota kigae akaanza kukisugua kwenye jiwe. Unafanya nini? Natengeneza kioo. Kigae kitakuwaje kioo? Na kukaa kutakufanyaje Budha?

Wengi huishia hapo na kukunja mkeka. Kisa kinaendelea. Mazu anauliza afanye nini, na Nanyue anamwuliza naye: mkokoteni usipokwenda, unapiga mkokoteni au unampiga ng'ombe? Halafu inasimuliwa kwamba Mazu alimtumikia Nanyue miaka kumi. Kilichosuguliwa pale ni ile biashara ya "nikae, nilipwe mwamko". Dogen (1200–1253), aliyeipeleka njia ya Soto, mojawapo ya madhehebu ya Zen, Japani baada ya kusoma Uchina, alilifanya jambo hili kuwa msingi wa mafundisho yake: kukaa ndiyo mwamko wenyewe unatendwa, si nauli ya kuufikia.

Yuko pia anayeuliza, kama kila kiumbe tayari kina asili ya Budha, nihangaike ya nini? Dogen alimaliza maandishi yake ya mwaka 1233, Genjokoan, kwa kisa cha Baoche wa mlima Mayu aliyekuwa akijipepea. Mtawa alimwuliza: asili ya upepo ni ya kudumu na hakuna isipofika, kwa nini unajipepea? Baoche akasema mtawa ameelewa kwamba asili ya upepo ni ya kudumu, hajaelewa kufika kwake kila mahali. Mtawa akauliza maana yake. Baoche akaendelea kujipepea tu.

Hata hivyo, mara nyingi falsafa hii ni pazia, na nyuma yake kuna magoti yanayouma. Kagua mwili kwanza kabla ya kumlaumu Nanyue:

- Magoti yananing'inia hewani: mto uko chini mno. Inua makalio kwa blanketi lililokunjwa hadi magoti yote mawili yaguse sakafu. Sehemu tatu hizo, makalio na magoti, ndizo zinazobeba mwili. Sakafu ya saruji ni ngumu kwa vifundo. Tandika godoro jembamba au mkeka mnene chini ya mto.
- Mguu unakufa ganzi: umekaa katikati ya mto na ukingo wake unabana nyuma ya paja. Sogea mbele, kaa kwenye theluthi ya mbele tu.
- Goti linachoma kwa ndani: usilazimishe. Acha kupandisha mguu juu ya paja, weka miguu yote sakafuni mmoja mbele ya mwingine, au kaa kwenye kiti bila kuegemea, nyayo zimekanyaga chini.
- Mgongo unauma juu, kati ya mabega: mikono inaelea. Iweke mapajani karibu na tumbo, kushoto juu ya kulia, ncha za vidole gumba zikigusana kidogo. Vidole gumba vikianguka, umesinzia. Vikibanana hadi kucha kuwa nyeupe, unalazimisha.
- Usingizi: macho yamefumbwa. Yaache nusu wazi, yakitazama chini umbali wa kama mita moja. Kukaa mara baada ya ugali pia ni kujitafutia usingizi.

Anza na dakika 15 au 20. Hesabu pumzi, kila itokapo, moja hadi kumi. Ukipotea au ukijikuta kumi na saba, rudi moja. Katika monasteri za Soto kipindi huwa kama dakika 40, kikifuatwa na matembezi ya polepole, lakini hakuna tuzo ya kuanza na 40 nyumbani.

Dalili: unamwambia mfiwa "kila siku ni siku njema"

Au unajiambia wewe mwenyewe, na kifua kinabana. Msemo ni wa Yunmen Wenyan (864–949), koani ya 6 ya Biyanlu. Yunmen aliwaambia watawa: siwaulizi juu ya kabla ya siku ya kumi na tano; semeni neno juu ya baada yake. Hakuna aliyejibu, akajijibu mwenyewe: kila siku ni siku njema. Siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo ni siku ya mbalamwezi kamili, na wengi huisoma kama wakati wa mwamko. Hakuwa anamfariji mtu. Mapokeo yenyewe yanasema Yunmen alivunjika mguu alipokuwa akitafuta mafundisho, mwalimu Muzhou alipombamizia lango. Kama ni hivyo, aliyesema siku zote ni njema alikuwa anachechemea.

Dawa yake imo katika kitabu hichohicho, koani ya 43. Mtawa alimwuliza Dongshan Liangjie: baridi na joto vikija, tuvikwepeje? Nenda pasipo baridi wala joto. Ni wapi huko? Wakati wa baridi, baridi ikuue. Wakati wa joto, joto likuue. Yaani maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Huzuni ikija, njema yake ni kuwa huzuni kamili, bila kuifunika kwa msemo.

Kivitendo: msibani nyamaza, saidia kuchota maji na kupika. Kama ni wewe uliyefiwa, ruhusu kilio kiwe na mahali pake katika siku. Kama wiki zinapita, hulali, huli, au unawaza kujidhuru, hilo si suala la koani. Nenda kwa daktari.

Dalili: "nimevuka wema na ubaya"

Hii ni hatari, hasa ikimpata anayeongoza wengine. Inajificha nyuma ya maneno kama "hakuna jema wala baya", "mwenye kuamka hafungwi na kanuni", na kauli ya Linji Yixuan (aliyefariki 866): ukikutana na Budha, muue Budha.

Chukua ya Linji kwanza. Alikuwa anazungumza na watawa waliokuwa wanaabudu majina makubwa na kunukuu maandiko kama kasuku, na alichotaka wauue ni utegemezi huo: kila wanachokutana nacho, ndani au nje, wasiking'ang'anie. Linji mwenyewe alisoma kanuni za utawa na sutra, yaani maandiko ya Kibudha, kabla ya kwenda Zen, na alikaa miaka mitatu katika monasteri ya Huangbo kabla ya kuuliza swali lake la kwanza. Anayelitumia neno hilo kukwepa ahadi aliyompa mkewe hana cha Linji hata kimoja.

Koani ya 2 ya Wumenguan ndiyo inayoshughulikia jambo hili moja kwa moja. Mzee mmoja alimjia mwalimu Baizhang Huaihai na kumwambia kwamba zamani sana alikuwa mkuu wa monasteri ya mlima uleule. Mwanafunzi alimwuliza: mtu aliyeamka kikamilifu huanguka katika sababu na matokeo, yaani hufungwa na matokeo ya matendo yake? Alijibu: haanguki. Kwa jibu hilo akazaliwa mbweha mara 500. Sasa anaomba jibu la kumkomboa. Baizhang akasema: hapuuzi sababu na matokeo. Mzee akaamka palepale, akaomba azikwe kama mtawa. Tofauti ya majibu ni ndogo, gharama yake ni maisha 500.

Historia imethibitisha kwamba kosa hili si la nadharia. Hadi 1945 baadhi ya walimu wa Zen wa Japani waliunga mkono vita vya nchi yao na kutumia lugha ya "kutokuwa na nafsi" kuwahimiza askari kuua na kufa bila kusita. Mwaka 1992 madhehebu ya Soto yalitoa tamko rasmi la toba.

Ukaguzi ni wa kidunia kabisa. Andika majina matatu ya watu wanaobeba matokeo ya unachokiita uhuru wako. Waulize, usiwafafanulie. Kama ni mwalimu wako ndiye anayesema hivi, angalia pesa zinakwenda wapi, nani anaweza kumkemea, na kama anaomba siri katika mahusiano na wanafunzi. Likijibiwa vibaya hata moja kati ya hayo, ondoka. Huhitaji kushinda mjadala.

Dalili: Zen yako imekuwa mbinu ya kuchapa kazi, au kisingizio cha kuwachapisha wengine kazi

Kisa: mtawa mgeni alimwambia Zhaozhou, ambaye sasa ni mwalimu: ndiyo kwanza nimeingia monasteri, nifundishe. Umekula uji? Nimekula. Osha bakuli lako. Hii ni koani ya 7 ya Wumenguan. Siku hizi imegeuzwa kuwa "maliza kazi ndogo mara moja ili uende kwenye kubwa". Lakini Zhaozhou hakutaja kubwa. Bakuli halikuwa ngazi ya kwenda kokote. Katika milo ya kitawa bakuli husafishwa palepale mezani kwa maji ya moto na kijiti chenye kitambaa nchani, na sehemu ya maji hayo hunywewa. Ukitaka kujua msemo huu, osha bakuli bila kuwaza kinachofuata. Ukimaliza, likaushe, lirudishe mahali pake, na usitangaze.

Upande wa pili ni mchafu zaidi. Baizhang anajulikana pia kwa kauli "siku bila kazi ni siku bila chakula", na kuna viongozi wa vikundi wanaoitumia kuwafanyisha wafuasi kazi bila malipo. Tazama ilikotoka: Baizhang alikuwa mzee, na watawa wake, kwa kumhurumia, walificha zana zake za shamba. Siku hiyo hakula. Mkuu wa monasteri alijiwekea sharti yeye mwenyewe. Hakumnyima mtu mwingine bakuli.

Kuhusu kazi kama mazoezi, soma maelekezo ya Dogen kwa mpishi wa monasteri, ya mwaka 1237, kabla ya kusoma chochote kipya. Humo anasimulia jinsi mwaka 1223, akiwa bado merikebuni bandarini Uchina, alikutana na mpishi wa miaka 61 aliyetembea li 34 au 35 (li ni kipimo cha Kichina cha umbali) kuja kununua uyoga. Dogen alimwuliza kwa umri wake kwa nini asikae zazeni na kusoma koani badala ya kuhangaika na jiko. Mpishi akacheka, akasema mgeni huyu bado hajajua mazoezi ni nini, kisha akaondoka kwa sababu kesho yake alitakiwa kupika. Maelekezo yenyewe ni ya jikoni hasa: mchele usafishwe na mpishi mwenyewe, mchanga utolewe bila punje kupotea, maji ya kuoshea yasimwagwe ovyo, vyombo vya juu viwekwe juu na vya chini chini, mboga duni isitayarishwe kwa moyo duni. Jaribu moja kwa wiki: mwiko, kisu na sufuria kila kimoja kiwe na mahali pake, kirudi hapohapo kila kinapotumika. Utagundua haraka ni wakati gani unaacha kuwepo: ni pale unapokirusha.

Dalili: "milima kwangu imekuwa milima tena"

Qingyuan Weixin, mwalimu wa enzi ya Song, alisema kwamba kabla ya kufanya Zen aliona milima ni milima. Alipoingia ndani, milima haikuwa milima. Sasa alipopata pumziko, milima ni milima tena. Ukijikuta unajipanga hatua ya tatu, kumbuka kwamba alihesabu miaka 30, na kwamba alimaliza kwa swali kwa wasikilizaji: mitazamo hii mitatu ni mmoja au ni tofauti? Swali hilo ndilo kazi. Anayejipanga hatua ya tatu bila kupitia ya pili yuko ya kwanza.

Dalili: ulipata tukio kubwa, sasa limezimika

Inatokea, hasa baada ya siku saba za kukaa mfululizo. Kila kitu kilikuwa wazi, ukalia au ukacheka, na mwezi mmoja baadaye unamfokea mtoto kama zamani. Watu huanza kulitafuta tukio lilelile, au hukata tamaa kwamba lilikuwa uongo.

Hakuin Ekaku, mwalimu wa Zen wa Japani aliyezaliwa 1686, alipita hapo. Akiwa na miaka 24 kwa hesabu ya Kijapani, baada ya siku nyingi za kukaa, alisikia kengele ya hekalu na akaamini kwamba kwa miaka 300 hakuna aliyepenya kama yeye. Alipokwenda kwa mwalimu Shoju Rojin, mzee huyo alimminya pua na kumwita shetani maskini wa shimoni, tena na tena, kwa miezi. Baadaye Hakuin akaugua kile alichokiita ugonjwa wa Zen: kichwa moto, miguu baridi kama barafu, masikio yanavuma, jasho kwapani, woga. Chanzo alichokitaja ni kujikaza kupita kiasi. Alijitibu kwa kushusha umakini chini ya kitovu na nyayoni, na kuwaza siagi laini ikiyeyuka kutoka utosini kushuka mwili mzima. Ukiona dalili hizo, punguza muda wa kukaa kwa nusu, hamisha umakini kutoka kichwani kwenda tumboni, tembea, kula vizuri, lala. Zikiendelea, hospitali, kisha mwalimu.

Tukio lenyewe liache. Mwalimu wa Kichina Zongmi (780–841) alishaeleza kwa nini tabia hubaki: jua huchomoza mara moja, jalidi huyeyuka polepole. Fanya kazi na jalidi, yaani na huyo mtoto uliyemfokea. Mwombe radhi leo, kisha andika nini kilitangulia hasira: njaa, uchovu, simu ya kazini.

Msemo hauna jina, na hakuna mwalimu karibu

Msemo unaoanza na "mwalimu mmoja wa Zen alisema", bila jina wala mkusanyo, huwezi kuufanyia ukaguzi wa kwanza, kwa sababu swali lake halijulikani. Unaweza kuupenda kama unavyopenda wimbo, ila usiutumie kuamua kuacha mazoezi, ndoa au dawa.

Kuhusu mwalimu, Afrika Mashariki vikundi vya Zen ni haba. Hekalu la Kibudha la Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka, ni la Theravada, tawi jingine la Ubudha. Huko hutapewa koani, na watawa wake hawana sababu ya kukufafanulia Yunmen. Watakufundisha kufuatilia pumzi na kushika maagizo matano ya maadili, ambayo Zen nayo inayashika. Kwa dalili nyingi zilizotajwa hapa hayo yanatosha kuanzia. Kikundi cha mtandaoni kinafaa pia, mradi kiseme wazi mwalimu alifundishwa na nani na kwa muda gani, kipindi cha kukaa ni dakika ngapi, na kama kuna nafasi ya kuongea naye ana kwa ana, hata kwa video. Ukipewa nafasi hiyo, mweleze unavyoishi kati ya kuamka kitandani na kulala, kisha taja msemo unaokusumbua.